Kaye ya Sita

Simone Kalenga alifika kazini saa moja na dakika ishirini asubuhi ya Alhamisi, akaanza kugomba kabla hajavuka kizingiti. Mlango ulikuwa wazi. Ba Chibwe, kama walivyomwita kwa heshima mwenye karakana hii ya kuchapisha vitabu, alikuwa na tabia ya kuacha mlango wazi, na vumbi la barabara ya Kashikishi likaingia na kujilaza juu ya karatasi ambazo Simone alitakiwa kuzishona.

"Ba Chibwe, nilikuambia mara ngapi? Kitabu kinakula vumbi!"

Hakujibiwa. Elliot Chibwe alikuwa kifudifudi chini ya meza ya kushonea, miguu yake imetokeza nje, kiatu kimoja kimemvuka. Kisogo chake kilikuwa kimebonyea. Kando yake kilikuwapo kipande cha reli walichokitumia kukandamizia vitabu vilivyotiwa gundi, na ncha yake ilikuwa na nywele na damu iliyoanza kuwa nyeusi. Kiganja chake cha kulia kilikuwa kimepigiliwa kwenye mguu wa meza kwa msharasi, ule ule ambao Simone alitobolea karatasi kila siku. Aliyemuua alikuwa amemzuia kwanza asitambae, kisha akampiga tena. Damu ilikuwa imerukia ukuta hadi usawa wa dirisha.

Simone hakupiga kelele. Aliweka chupa yake ya chai chini, taratibu, kama mtu anayeogopa kumwamsha mwenzake. Kisha akakaa sakafuni. Alimpenda mzee yule. Alikuwa Mbemba wa Nchelenge, mwalimu mstaafu, na aliwapa kazi wakimbizi wakati wengine waliwaita wezi wa mihogo.

Alipoweza kuinua kichwa, macho yake yalikwenda yenyewe kwenye rafu, mahali yalipozoea kwenda. Kwa mwezi mzima walikuwa wakichapa *Siku Tulipovuka*, kitabu cha ushuhuda wa watu waliokimbia vita Kongo wakavuka ziwa Mweru. Kitabu hicho kilikuwa na kaye kumi. Kaye ni kurasa kumi na sita zilizokunjwa pamoja. Kaye zikishonwa moja juu ya nyingine, kitabu kimesimama. Simone alikuwa amezifunga kwa mafungu, kila fungu nakala mia tatu za kaye moja, zimeviringishwa ndani ya karatasi ya kaki, zimefungwa kamba, na namba imeandikwa juu kwa kalamu nene. Kumi kwa jumla.

Sasa yalikuwepo tisa. Kati ya fungu la tano na la saba palikuwa na nafasi tupu.

Mashine ya kuchapia ilikuwa imevunjwa kioo na kung'olewa roli. Kompyuta ya Ba Chibwe haikuwepo. Nyuma ya nyumba, ndani ya pipa la kuchomea taka, majivu ya karatasi yalikuwa bado na uvuguvugu, na harufu ya mafuta ya taa ilikuwa nzito.

Inspekta Idah Nkandu alifika saa mbili na dakika tano pamoja na makonstebo wawili. Alikuwa mwanamke mnene, mpole wa sauti, mgumu wa macho. Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, cha kununulia samaki kwa Wakongo, chenye 'njo' mahali pa 'ndiyo', lakini alikitumia bila aibu.

"Bamayo," alimwita Simone kwa heshima ya Kibemba, "wewe njo ulikuwa wa kwanza kuona mufu?"

"Ni mimi."

"Uligusa nini?"

"Chupa yangu ya chai. Na chini, na matako yangu."

Idah alitaka kucheka, akajizuia. Alizunguka chumba kizima bila haraka, akahesabu mafungu, akauliza kila moja lina nini. Simone alimweleza: la kwanza ni majina ya waliokufa, mengine ni ushuhuda wa watu mbalimbali. Majina hayo hayakuwemo tangu mwanzo. Kitabu cha kujaribia, kilichotolewa mwezi wa tatu, kilikuwa na kaye tisa tu. Président wa kambi ya wakimbizi, Gustave, alikuwa ameshauri majina yawekwe nyuma kabisa, kwa herufi ndogo. Baadaye, mwezi wa nne, wamama wa kambini waliotoa ushuhuda walikuja wenyewe bila yeye. Walimwambia Ba Chibwe kwamba kwao, penye kilio, hakuna mtu anayefungua kinywa kabla wafu hawajaitwa kwa majina. Kitabu kikianza na maneno ya walio hai, wao hawatakishika. Ba Chibwe akakubali siku hiyo hiyo, akawaomba wasiseme, ili mzee Gustave asije akajiona amedharauliwa.

"Na fungu ya sita iko na nini?"

"Sijui."

"Unashona kitabu, haujui kinasema nini?"

"Sisomi, Ba Inspekta. Najua kusoma. Lakini hizi ni vifo ya batu yetu. Nikisoma, mukono unakataa kushona."

Jirani wao alikuwa Beauty, fundi cherehani mwenye masikio mazuri kuliko macho. Alisema Ba Chibwe alikuwa hai saa kumi na moja jioni ya Jumatano, maana alimsikia akikohoa uani. Saa kumi na moja na dakika arobaini aliona moshi, akafunga dirisha lake na kutukana kimoyomoyo. Kelele za mashine kuvunjwa hakuzisikia, kwa sababu wakati huo redio ya baa ilikuwa imefunguliwa mpaka mwisho. Alichokisikia kilikuwa cha mapema zaidi, saa kumi na nusu, baada ya Simone kwenda nyumbani: Méschac, mdogo wake Simone, mwendesha mashine, akimfokea Ba Chibwe.

"Alisema nini?" aliuliza Idah.

Beauty alimtazama Simone, akainamisha kichwa. "Alisema, 'Utakufa na hiyo siri yako.' Mara mbili."

Walimkamata Méschac saa nne, akiwa anakunywa maji kwenye bomba la soko bila habari yoyote, au akijifanya hana. Ndugu za Chibwe walikuwa wamekwisha kusanyika. Kabla polisi hawajamfikisha kwenye gari, jiwe lilimpata mdomoni likamvunja meno mawili, na mwanamume mmoja akamkanyaga mbavu hadi konstebo akalazimika kumlalia juu kumfunika. Simone alijitupa katikati akakwaruzwa uso na kucha za watu waliomjua kwa jina. Walikuwa wakiimba kwamba wakimbizi wameua aliyewalisha.

Kituoni, mchana huo, walimruhusu kumwona.

"Sema," alimwambia. "Muligombana juu ya nini?"

Méschac alikuwa ameshika taulo lenye damu mdomoni. "Juu ya kazi."

"Kazi gani? Siri gani?"

"Yaya, wacha," alisema, kwa neno lao la kumwita dada mkubwa.

"Batakunyonga, mupumbafu wewe! Ama batakurudisha ng'ambo, na kule njo batakunyonga. Sema ukweli!"

"Sikumuua. Njo ile tu nitasema."

Alimjua mdogo wake. Alikuwa mtu wa kuongea hata usingizini, na sasa alikuwa ameziba kama chungu. Hakuwa na uso wa muuaji. Alikuwa na uso wa mtoto aliyevunja kitu na anaogopa mama asije akajua. Simone alitoka hapo amekasirika mno hata akasahau kulia.

Idah hakuwa mpumbavu. Alimweka Méschac ndani lakini hakuacha kupekua. Alasiri aliagiza pipa limwagwe juu ya turubai. Karatasi mia tatu zilizofungwa pamoja haziungui vizuri. Pembe huwa majivu, katikati hubaki. Ndani kabisa mwa lile rundo kulikuwa na kipande cha ukubwa wa sahani, cheusi kingoni, cheupe katikati. Alimwita Simone amsomee, akawatoa makonstebo nje.

Simone alisoma. Ulikuwa ushuhuda wa mwanamke aliyevuka kwa mashua ya mtu wa kisiwa cha Chisenga aitwaye Boyd. Mashua ilijaa, maji yakaanza kuingia, na Boyd akasukuma watu watatu ziwani kwa kasia: wazee wawili na mwanamume mwenye jeraha. Mmoja alishika ubavu wa mashua, na Boyd akampiga vidole mpaka akaachia.

"Boyd," alisema Idah polepole. "Wiki iliyopita alisema mbele ya soko yote kwamba atazamisha Ba Chibwe pamoja na kitabu yake."

"Nilisikia."

"Sasa sikia na hii. Hakuna mutu atajua karatasi gani iliungua. Wewe na mimi tu. Ukifungua kinywa, nitakuweka ndani na wewe, karibu na mudogo wako."

Simone alifunga kinywa. Lakini Boyd hakuhitaji karatasi ili achukiwe. Vitisho vyake vilikuwa vimesikiwa na watu wa kutosha. Ijumaa saa tatu asubuhi aliposhuka bandarini na makreti yake ya samaki, vijana wa kambini na ndugu za Chibwe, waliokuwa wakirushiana mawe jana yake, waliungana kumpiga. Walitumia makasia yake mwenyewe. Mashua yake ilichomwa mbele ya macho yake, na mtu mmoja akampasulia kichwa kwa jiwe la nanga. Idah alifyatua risasi mbili hewani ndipo wakamwachia. Simone, aliyekuwa amefika kununua dagaa, aliliona sikio la Boyd likining'inia kwa ngozi.

Walimshona sikio hospitalini. Saa nane mchana Idah akamkalisha kwenye kiti cha kituo, akamwomba Simone akae pembeni kama msomaji.

"Jumatano saa kumi na moja ulikuwa wapi?"

"Kashikishi, nilileta samaki. Saa kumi na mbili nilirudia Chisenga. Unauliza kila siku, kila siku niko Kashikishi!"

"Ulisema utamuzamisha Ba Chibwe."

"Nilisema. Nilikasirika, juu kitabu kilikuwa karibu kutoka. Ungekuwa mimi, ungecheka?" Boyd alipangusa damu iliyopenya kwenye bandeji. "Lakini yule muzee hakunificha kitu. Mwezi wa tatu alivuka mpaka kwangu, peke yake, na kitabu mu mufuko. Alisema, 'Boyd, kabla ya kushona, mutu asikiwe. Soma, kisha unijibu, nitaandika jibu lako chini ya maneno yao.' Mimi nilimutukana. Kisha nilijibu."

"Ulijibu nini?"

"Kwamba ni kweli. Kwamba mashua ilikuwa na batoto kumi na moja, na ilikuwa inazama. Nilichagua. Yule wa kushika ubavu, vidole yake naiona kila siku. Aliandika vile nilisema, bila kupunguza. Namuua juu ya nini, na jibu langu liko mule?"

"Maneno ni rahisi," alisema Idah.

"Basi tazama!" Boyd aliingiza mkono ndani ya koti lake lililoraruka, akatoa kaye moja iliyokunjwa mara mbili, imechakaa, ina mafuta ya samaki. "Njo ile aliniachia. Natembea nayo."

Idah aliipitisha kwa Simone. Simone aliitambua mara moja. Aliikunja yeye mwenyewe mwezi wa tatu, kwa ajili ya kujaribia. Maneno yalikuwa yale yale aliyoyasoma kwenye kipande kilichoungua. Mashua, kasia, vidole. Aliigeuza kutazama mgongo, kama anavyofanya kwa kila kaye inayopita mikononi mwake.

Namba ya mgongoni ilikuwa tano.

Alikaa akiitazama. Iliyoungua ilikuwa ya sita. Maneno mamoja, namba mbili. Mara akaona yote, akaona haya kwa kuchelewa: wamama walipoingiza majina mbele, kila kaye ilisukumwa hatua moja. Ya tano ikawa ya sita. Ya sita ikawa ya saba.

"Ba Inspekta," alisema, na sauti yake ilikuwa kavu. "Tutoke inje."

Kwenye kivuli cha ukuta wa kituo alimweleza, akihesabu kwa vidole. Boyd hakujua namba nyingine isipokuwa tano. Angekuja kuchoma habari zake, angechukua fungu la tano. Méschac alichapa kitabu kizima kwa mkono wake. Alijua kila kaye imehamia wapi, na hangekosea. Yule aliyemuua Ba Chibwe aliingia kwa haraka, akiwa na damu mikononi, hakuwa na nafasi ya kufungua kamba na kusoma. Alisoma namba juu ya kaki, akachukua sita, akachoma. Alikuwa anatafuta ile sita ya zamani.

"Ile ya zamani iko wapi leo?"

"Fungu ya saba. Iko pale pale, ku rafu."

"Na nani aliona kitabu ya zamani?"

"Boyd alipewa kaye moja tu. Kitabu yote, kaye zote tisa, nilikunja moja tu kwa mutu wa inje." Simone alikunja kidole cha mwisho. "Niliiweka mu plastiki mimi mwenyewe. Ilikuwa ya Président, ahakikishe majina ya vijiji."

Idah alimpa ufunguo wa karakana na konstebo mmoja. Saa kumi kamili Simone alikata kamba ya fungu la saba. Damu ukutani ilikuwa bado haijaoshwa. Kwa mara ya kwanza tangu aanze kazi hii, alisoma kwa hiari yake.

Ulikuwa ushuhuda wa Mama Gloire, aliyefariki hospitalini Jumatatu ya wiki ile ile. Alisimulia siku wenye silaha walipofunga njia kwenye tanuru la matofali, kabla ya ziwa. Walikuwa na mtu wa kwao Gloire, raia, ambaye Gloire alimwita Kapita tu, yaani msimamizi, kwa kuogopa kumtaja jina. Kapita hakushika panga. Alisimama kivulini, na kila familia ilipopitishwa, alionyesha kwa kidevu yupi mwalimu, yupi aliyewahi kuwa askari, yupi mwenye watoto wa kiume wa kupigana. Walioonyeshwa walipelekwa nyuma ya tanuru. Waliuawa kwa mapanga na matofali, kwa sababu risasi zilikuwa zinabanwa. Gloire aliwahesabu kumi na tisa.

Wa kumi na nne alikuwa Mzee Kalenga, fundi wa nguo.

Simone alisoma mstari huo, akarudi juu, akasoma tena. Baba yake alikufa kwa homa njiani. Méschac ndiye aliyemwambia hivyo, miaka saba iliyopita, alipovuka peke yake na kumkuta upande huu. Kaye iliendelea, haikujali. Walimuuliza Mzee Kalenga mwanawe wa kiume yuko wapi. Akasema hana mtoto wa kiume. Wakamkata mkono wa kushonea, wakauliza tena. Akasema ana binti mmoja tu, na amekwisha kuvuka. Waliuliza mara nne.

Konstebo aliyekuwa mlangoni alisema baadaye kwamba mama yule hakulia, alipiga tu meza kwa kiganja, mara nyingi, mpaka ngozi ikapasuka. Alikuwa na chuki safi, isiyochanganyika na kitu. Chuki hiyo ilimsaidia kufikiri. Sasa alijua siri ambayo Méschac alimfokea Ba Chibwe: mdogo wake alichapa kaye hii, akasoma, na alitaka kuambiwa Kapita ni nani. Na Ba Chibwe, mtu wa haki mpaka ujinga, alikataa kumtaja mtu kabla hajamwita na kumsikiliza.

Jumamosi saa nne asubuhi Idah aliwaita watu karakanani. Alimleta Boyd, bandeji kichwani. Alimwita Gustave, mzee mrefu wa suti ya kijivu na viatu vilivyopigwa rangi, ambaye kila mkimbizi alimwita Président na ambaye alasiri ile alitarajiwa kusema kwenye mazishi ya Chibwe. Simone alikuwa nyuma ya meza yake.

Gustave alivua kofia. "Madame Simone, pole sana. Franchement, tumepoteza baba."

"Ndiyo, Président. Tulikuita juu ya kitabu." Simone alishona huku akisema. "Tunataka kukimaliza. Tuko na shida moja tu. Muuaji alichoma ushuhuda moja, na kompyuta haiko. Tunafikiri kutafuta mwenye kuisema, aiseme tena, tuandike upya. Utatusaidia?"

Gustave alitikisa kichwa kwa huzuni. "Bon, ningependa. Lakini Mama Gloire alishakufa. Nani ataisema tena?"

Nje, mwanamke alikuwa akiita bei ya mihogo.

"Nani alisema ni ya Mama Gloire?" aliuliza Idah.

"Batu banasema. Mu kambi."

"Mu kambi hakuna mutu anajua. Sikumwambia mutu."

"Basi nilifikiri tu..."

"Président," alisema Simone, "iliyoungua ni ya Boyd."

Gustave alimtazama Boyd, kisha rafu, kisha Boyd tena. Midomo yake ilihesabu bila sauti. Simone aliinuka, akachukua fungu la saba, akaliweka mezani mbele yake.

"Ulisema majina ya batu balikufa biende nyuma, herufi kidogo. Ulizani batu balikusikia, juu wewe ni Président. Wamama hawakukusikia. Baliweka bafu mbele, na bafu balisukuma kitabu yote. Ulichukua sita. Wewe uko mu saba, Kapita. Kila neno. Kopi mia tatu."

Mzee alikuwa mwepesi kuliko alivyoonekana. Alinyakua kisu cha kukatia karatasi, akamrukia, na kisu kilipita kwenye mkono wa Simone kutoka kiwiko hadi kifundo. Idah alimshika koti. Gustave akageuka na kumchoma begani mara mbili, kisu kikagonga mfupa. Damu ilimwagika juu ya kaki. Alikuwa akilinyoosha tena lile jisu kwa shingo ya Inspekta wakati Boyd alipoinua kiti na kumpiga nacho usoni. Kiti kilivunjika. Boyd alimpiga tena kwa mguu wa kiti, taya likalia, akaendelea kupiga mpaka makonstebo wawili wakamvuta.

"Wacha!" alipiga kelele Simone, mkono wake ukichuruzika. "Wacha aseme! Namutaka na kinywa!"

Gustave alisema, sakafuni, kupitia meno yaliyobaki. Ba Chibwe alimpigia simu Jumatano mchana, akamwomba aje. Alimwambia kwa upole kwamba Gloire alimtaja jina siku moja kabla ya kufa, na kwamba kaye hiyo itachapwa upya na jibu lake chini ya maneno ya Gloire, kama la Boyd. Alimpa hata karatasi na kalamu.

"Alinipa kalamu," alisema Gustave, kana kwamba hilo ndilo lililokuwa tusi. "Mutu ananiambia niandike kifo yangu, na anatabasamu."

"Na kule ku tanuru?" aliuliza Simone. "Kule nani alikulazimisha?"

"Balishika batoto yangu babili. Balisema, onyesha, ama tunaanza na hawa. Ungefanya nini?"

"Boyd aliulizwa ile swali. Alijibu kwa jina yake." Simone aliinama mpaka uso wake ukawa karibu na wake. "Wewe ulikaa mbele ya vilio vyetu miaka saba. Uliombea baba yangu. Ulinishika mukono."

Alimtemea mate. Idah, aliyekaa ameegemea ukuta akiwa ameshikilia bega lake, aliangalia upande mwingine mpaka jambo hilo likaisha. Kompyuta waliipata saa sita nyumbani kwa Gustave, ndani ya gunia la mihogo mikavu. Ufuo hauna saa isiyo na watu, akakosa pa kuitosa.

Méschac aliachiwa saa tisa alasiri. Simone alimngoja kwenye ngazi za kituo, mkono umefungwa kuanzia kiwiko. Alipomwona anatoka na mdomo wake uliovimba, alimzaba kofi kwa mkono mzima, kisha akamvuta akamkumbatia, kisha akataka kumzaba tena.

"Ungekubali kunyongwa, wewe. Juu nisijue."

Méschac alikaa kwenye ngazi. Alitazama viatu vyake.

"Ulisoma yote?"

"Yote. Walimuuliza mara nne."

"Mara tano," alisema Méschac. "Mama Gloire hakusikia ile ya mwisho. Mimi nilisikia. Nilikuwa mu majani nyuma ya tanuru, hatua kumi, Kapita sikumuona. Hata nane. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, Yaya, nilikuwa na panga mu mukono, na sikutoka. Alisema hana mutoto mwanaume, na mimi nikakaa kimya, nikafanya iwe kweli. Njo ile sikutaka ujue. Si kifo. Ni mimi."

Jeraha lilikuwa likimpiga Simone kwa kila pigo la moyo, na mbele yao watu walikuwa wanapita kwenda mazishini kwa Chibwe, wengine wao wakiwa wamewarushia mawe juzi. Alikaa karibu na mdogo wake mpaka mabega yakagusana.

"Baba alikuwa mutu wa kusema ukweli mpaka unachoka naye," alisema. "Alirudishia batu kitambaa kilichobaki, hata cha upana wa kidole. Maisha yake yote alisema uongo moja tu. Aliusema mara tano, banamukata, na hakuubadilisha. Alitaka uongo ule ufanye kazi, Méschac. Ungetoka mule mu majani, ungeuharibu."

Méschac alianza kulia kwa sauti kubwa, mdomo wazi, bila kujali nani anapita. Simone alimwacha alie, akakaa naye hapo hapo mpaka barabara ikawa tupu.